Sahihi Nane za Yoba

Mimi nina hasira za karibu. Nasema mapema ili nisionewe huruma ya bure.

Tangu Gitega iwe mji mkuu wa nchi yetu, nyumba za zamani zinabomolewa kila wiki zipande ghorofa, na vifusi vyake vinamwagwa mabondeni. Mimi nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako hatukutupa hata kipande cha tofali. Kwa hiyo tuliporudi kwetu Gasorwe, mkoani Muyinga, niliuza ng'ombe wawili alioniachia baba, nikanunua mashine ya kusaga kifusi kiwe kokoto na mchanga wa kufyatulia matofali. Ikaletwa, ikawashwa, ikanguruma vizuri. Tatizo ni kwamba Gasorwe hakuna anayebomoa kitu. Mashine ilikaa chini ya turubai mwaka mzima, kuku wakataga ndani yake, na mimi nikawa kichekesho cha kilima kizima.

Nikahamia Gitega, nikaanza kusali huko, na baada ya miezi kadhaa nikapata kiwanja mtaa wa Yoba. Ofisi ya mipango ya mji ikanipa fomu: majirani wote nane waweke sahihi kwamba wanakubali kifusi kisagwe pale. Mwisho, Ijumaa saa sita mchana. Sahihi moja ikikosekana, kiwanja anapewa bwana mmoja anayetaka kuoshea magari, nami narudi kwa kuku wangu.

Jumapili baada ya ibada nikanunua kreti ya Fanta, maana mimi ni mlokole, nikapita nyumba kwa nyumba na fomu yangu kwapani. Nilipita nyumba saba. Ya nane, ya mzee Leonardi, ambaye ua wake ndio mpaka wa kiwanja, niliiruka. Niliambiwa anakunywa tangu kunapokucha, nikaona nitapoteza muda wangu na mlevi. Majirani saba walinipokea vizuri, wakanywa, wakashukuru, wakasema watatazama. Hakuna aliyeshika kalamu.

Nilirudi nikimfokea Trésor, Mkongomani wa Uvira tuliyejuana soko la Gasorwe, ambaye ndiye angeuza matofali yangu. Aliniacha nifoke mpaka nikachoka.

"Dada Adventina," akasema, "we uliomba ama ulitangaza?"

"Niliomba! Na Fanta juu!"

"Fanta iko ya batoto. Hapa mutu mukubwa anaomba kitu na pombe mbele yake, si unajua? Na tena, Venansi wa nyumba ya pili ameniambia banamungojea Leonardi. Mutu wa mpaka ndiye anaanza. We umemuruka."

Nilijua, ndiyo. Nilikuwa nimejifanya nimesahau. Jumatatu nikapanda basi la Muyinga nimenuna, nikamwendea mama yangu Vumilia, ambaye urwarwa wake, pombe ile ya ndizi, unasifiwa Gasorwe nzima. Miaka sita nimefunga na kuomba ili mama aiache kazi hiyo. Sasa nilisimama mlangoni pake namwomba dumu la lita ishirini. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mwanangu," akasema akijifuta machozi, "Mungu amekusikia, lakini amesikia kinyume."

Kurudi, nani akae karibu yangu kwenye basi? Urbano, mzee wa kanisa letu. Alilitazama dumu, akavuta pumzi puani.

"Hayo ni mafuta, dada?"

"Ni kazi," nikamjibu, nikageukia dirisha mpaka Gitega.

Alhamisi asubuhi nikabisha hodi kwa Leonardi. Nilimkuta peke yake uani, amevaa shati lililopigwa pasi, mbele yake viti sita vitupu. Kabla sijatua dumu, akanyoosha mkono.

"Hiyo itoe hapa, mama. Mi nimeokoka."

"Tangu lini, baba?"

"Miezi tatu na wiki moja. Nakaa benchi ya nyuma, kanisani kwenu. Mi nakuonaka ukiimba. We hujageuka hata siku moja."

Yeye hakukasirika, alinionyesha tu vile viti.

"Zamani hapa ilikuwa imejaa batu. Nilipoacha pombe, walevi wakaniacha. Na nyinyi walokole hamjafika bado."

Niliona haya. Hasira yangu yote ilikuwa pale, tayari, na hapakuwa na mtu wa kumtupia isipokuwa mimi. Nikalitoa dumu nje ya ua, nikarudi, nikapiga magoti kumwomba msamaha. Akasema niinuke, nitachafua kitenge.

"Hiyo mashine yako iko na kelele?"

"Nyingi, baba. Vumbi tutalimwagia maji, lakini haliwezi kuisha lote."

"Na batu ngapi?"

"Wafanyakazi kumi na wawili. Na malori ya kifusi."

"Mlango?"

Nikamkunjulia ramani. Geti nilikuwa nimelichora upande wa mbali, ili nisimsumbue. Leonardi akaomba kalamu, akalikata geti langu kwa mistari miwili, akachora lingine mkabala kabisa na mlango wake.

"Hapa. Ama siweki sahihi."

"Baba, vumbi lote litapita kwako!"

"Batu nao watapita."

Akaweka sahihi, polepole, jina lote. Trésor alilipeleka dumu uani kwa Venansi, na kabla ya saa tisa nilikuwa na zile saba nyingine, mbili kati ya hizo zikinuka ndizi. Simwambii Urbano, na wala sijutii.

Ijumaa saa nne, ofisa wa mipango aliitazama ramani, akaigeuza, akaitazama tena.

"Nani amekosea hapa? Geti linamwangukia mzee wa watu mlangoni."

"Ameliomba yeye mwenyewe."

"Miaka kumi na minne," akasema, "watu wanakuja hapa kugombana geti lisogezwe mbali." Alisoma jina la Leonardi, akatikisa kichwa, akapiga muhuri. Nilipiga vigelegele humo humo ofisini, mlinzi akaja mbio.

Tulifungua mwezi wa saba. Asubuhi ya kwanza nilifika nikigomba, maana mpira wa kumwagia vumbi maji ulikuwa haujafungwa, na nikamkuta Leonardi amekwishaketi mlangoni pake. Wafanyakazi wakaanza kuingia. "Mwaramutse, muzehe!" "Mwaramutse!" Kila aliyemsalimia, mzee aliinuka kumjibu, akamuuliza na habari za watoto. Madereva walimpigia honi. Kufika saa nne sauti ilikuwa imemkauka, nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi, nikamsihi aingie ndani apumzike.

"Ngoja kwanza," akasema, macho barabarani. "Bado lori moja haijapita."