Siku Gwamaka Alipokata Tamaa kwa Kisu

Wala haikuwa usiku. Ilikuwa jana mchana, Jumapili, baada ya ibada na sahani mbili za ndizi nyama, ndipo Gwamaka alipoota.

Alikuwa amejinyoosha kwenye kochi la sebuleni, nyumbani kwake Tukuyu, na nje ilinyesha ile mvua ya huko isiyojua kuaga. Gwamaka ana bucha karibu na stendi. Ni mtu mpana, mpole, na mbele ya ng'ombe mzima anayening'inia hatetereki. Lakini wakae watu wawili tu kimya wakimtazama wasikie atasema nini, jasho linamtoka mpaka visigino.

Kabla hajasinzia, mkewe Tumpe alimkumbusha kwamba Jumamosi ni sendofu, sherehe ya kumuaga binti yao Bupe kabla ya ndoa, na kwenye sendofu baba wa binti husema.

"Siwezi," alisema Gwamaka.

"Maneno mawili tu, baba Bupe."

"Ulimi wangu mzito. Mimi hapo nilishakata tamaa. Mpigie simu kaka yako Asajile, aseme yeye."

Bupe alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Hakubisha. "Sawa, baba," alisema, akaendelea na ungo wake, ila sasa alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe. Gwamaka aliliona hilo. Akafumba macho ili asilione tena, na usingizi ukampitia.

Kitu kinamgusa bega. Ni simu yake. Jicho moja limevimba, na kwenye kioo imebandikwa plasta.

"Baba Bupe," simu inasema, "leo naomba nisipigwe."

"Nani anakupiga?"

"Jana pekee umenipiga asubuhi, mchana na jioni."

"Nilikuwa naulizia ng'ombe."

"Ng'ombe anaweza kuulizwa bila ugomvi."

Gwamaka anaona hoja ina mashiko. Anaomba radhi. Simu inaomba likizo, inapewa, inaondoka ikichechemea.

Anainuka akanywe maji, na jikoni kwake ni buchani. Hilo halimshangazi. Kinachomshangaza ni foleni, kwa sababu Jumapili hafungui. Na kwenye ndoano, pale linapokaa paja la ng'ombe, kimening'inia kitu cha ukubwa wa mbuzi mdogo, rangi ya chungwa, sikio moja, ubavu mmoja haupo.

"Habari za saa hizi, bosi," kitu hicho kinasema. "Leo unanikata wapi?"

"Kwani wewe nani?"

"Mimi Tamaa yako. Umesema ulishanikata, basi nimekuja kukatwa. Ulipotaka kuingia kwaya ulinikata sikio. Ulipotaka kufungua bucha la pili ulichukua ubavu, tena na figo. Leo ni sendofu. Angalia mwenyewe pamebaki wapi."

Mama wa mbele kwenye foleni anagonga kaunta. "Mimi nipimie kilo na nusu ya tamaa iliyokatwa, isiwe na mifupa. Mume wangu anataka kugombea uenyekiti wa mtaa. Nataka nimpikie leo, asifike mbali."

Gwamaka anachukua kisu. Mkono umeshazoea. Tamaa inafumba macho na kunyoosha shingo kwa adabu, kama mtu anayenyolewa, na adabu hiyo ndiyo inayomshinda Gwamaka. Amechinja ng'ombe wengi lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumrahisishia kazi.

"Tumefunga," anauambia umati.

"Tutakula nini?" mama analalamika.

"Kuna maini."

Anaitoa Tamaa kwenye ndoano, anaifunga gazeti kama anavyofunga nyama, anaibana kwapani. Ina joto kama mkate.

"Wahi," Tamaa inasema ndani ya gazeti. "Watu wameshakaa."

"Sendofu ni Jumamosi."

"Ya kwako. Ya kwao imeshaanza."

Anatoka nje. Barabara ipo, ya lami, imenyooka mpaka kwenye ukumbi wa sendofu. Gwamaka anaitazama, anaguna, na kwa mazoea tu anasema, "Hapa hakuna njia."

Barabara inasimama. Inajikung'uta vumbi, inajikunja kama mkeka kuanzia kule mwisho, inakuja mpaka miguuni pake.

"Sogea kidogo, nichukue na hiki kipande."

"Unakwenda wapi?"

"Umesema sipo. Mimi si mbishi."

Inaondoka zake. Ilipokuwa barabara pamebaki ukungu, na chini ya ukungu hamna kitu.

"Sema kingine," inasema Tamaa.

"Niseme nini?"

"Chochote kisicho hicho."

Gwamaka anafikiri. Si mtu wa kusema uongo. "Labda ipo," anasema.

Inatokea njia ya upana wa unyayo mmoja. Ndio upana wa labda. Anaipita mguu mbele ya mguu, mikono ameitanua kama kuku aliyefukuzwa, na katikati kabisa anakutana na beberu anayekuja upande wa pili.

"Wewe ulisemaje?" beberu anauliza.

"Nilisema labda."

"Mimi nilisema tutaona. Haya, tumeonana. Nani anarudi?"

Nyuma hakuna pa kurudi. Gwamaka anajikohoza. "Tutapishana," anasema, na palepale njia inanenepa kiasi cha binadamu mmoja na beberu mmoja, bila inchi ya ziada. Wanapishana. Beberu anamshukuru, anamwambia asalimie nyumbani.

Ukumbi umejaa. Mshereheshaji ni kipaza sauti kilichovaa suti. Bupe yuko jukwaani na gauni lake la sherehe, ungo magotini, bado anatupa mchele na kubakiza mawe.

"Na sasa," kipaza sauti kinasema, "baba mzazi."

Gwamaka anafungua kinywa. Ulimi unamponyoka, unateremka kifuani, unatua sakafuni kwa kishindo. Wageni wananyanyua miguu.

Mizani ya buchani kwake, iliyokaa meza ya wageni waalikwa, inainuka na kufunga vifungo vya koti. "Niruhusuni," inasema. Inapima. "Kilo kumi na moja."

"Ulimi wa mtu?" mgeni mmoja anauliza.

"Alisema ni mzito. Mimi napima kilichosemwa."

Gwamaka anajitahidi. "Nhi nhito... kihogo," anasema.

Mizani inatazama huku na huku. "Amesemaje?"

Bupe anaweka ungo chini. Anashuka jukwaani, anachuchumaa karibu na baba yake, anamtazama midomo. "Amesema ni mzito kidogo."

"Kidogo?"

"Kidogo."

"Hiyo ni robo kilo," mizani inasema, na ulimi unajikunja wenyewe kurudi ndani.

Gwamaka anashika kipaza sauti kwenye kola ya suti. "Sina maneno mengi," anaanza, na maneno mengi, yaliyokuwa yamekaa viti vya nyuma, yanainuka yamenuna na kutoka nje. Yanabaki machache. Gwamaka anaona heri, hayo anaweza kuyamudu.

"Bupe," anasema.

Kwa Wanyakyusa jina hilo ni zawadi. Kinywani mwake linatoka boksi dogo lililofungwa utepe mwekundu wenye ukingo wa dhahabu. Anasema tena, linatoka la pili. Wageni wanapokezana.

"Bupe, mwanangu. Ulipozaliwa nilisimama dirishani nje ya wodi nikakuimbia mpaka manesi wakanifukuza. Wodi nzima ilisikia. Kumbe niliwahi kusema mbele ya watu."

Watu wanacheka, wengine wanajifuta macho kwa leso za mezani. Tamaa imeshachana gazeti, ina masikio yote mawili, inakula pilau. Gwamaka anaita jina la binti yake mara ya mwisho, ila boksi hilo halitoki lote. Utepe umenasa kwenye jino. Anavuta. Anavuta kwa nguvu.

Akaamka. Mvua ilikuwa ile ile. Tumpe alisimama mbele yake na kikombe cha chai.

"Nimempata kaka. Amekubali, atasema yeye."

"Mwambie ahsante, aje ale tu," alisema Gwamaka. "Nitasema mwenyewe."

Mkono wa Bupe ukasimama juu ya ungo. "Utasema nini, baba?"

"Ulipozaliwa nilikuimbia dirishani. Manesi wakanifukuza."

"Hujawahi kuniambia."

"Sikuwahi kumwambia mtu."

Bupe aliinamisha kichwa. Kisha akaanza, taratibu, kuokota mchele aliokuwa ameutupa sakafuni.

Tumpe alikuwa bado anamtazama mumewe. "Hebu, una nini hapo kwenye meno?"

Gwamaka alipeleka kidole kwenye gego, akavuta. Kikatoka kipande cha utepe mwekundu, urefu wa kidole, chenye ukingo wa dhahabu. Tumpe alikichukua, akakigeuza mbele ya dirisha, akakigeuza tena.

"Huu wa wapi?" aliuliza. "Si wa sendofu tulichagua wa buluu?"