Hendeli ya Lango la Maji

Jumanne, tarehe 10 Machi 1998. Mvua ya usiku ilikatika alfajiri, na joto la Durban lilikwisha kuamka. Nje kidogo ya Pinetown, Aloys alisimama ukingoni mwa mfereji wa kinu, ameikumbatia hendeli ya lango la maji.

Mafuriko yalikuwa yameleta matawi na matairi, yakaziba wavu wa chuma, na gurudumu la kinu lilikuwa limesimama. Lazima mtu ashuke. Desturi ya wasafisha mfereji ilikuwa moja: lango likishafungwa, anayeshuka hushuka na hendeli yake. Asipotoka yeye, maji hayatoki.

Meneja alisema kitu kwa Kiingereza. Chacha, nyapara kutoka Tarime, akatafsiri bila kumtazama Aloys.

"Anasema umwachie hendeli. Basi la watalii likiingia, anataka gurudumu lizunguke palepale."

"Kaka Chacha, hendeli inashuka na mimi. Pontien aliwaachia, mkamwahidi. Leo Pontien iko wapi?"

"Eish! Umevuka Ziwa Tanganyika zima, unaogopa mtaro?" Chacha alicheka peke yake. Kisha akashusha sauti. "Ndugu yangu, getini wamejaa wanaotaka kazi. Usiniponze."

Wanawake wa kufunga unga walikuwa wametoka ghalani. Mbele yao alisimama Epiphanie, mjane wa Pontien, mikono myeupe hadi viwikoni. Aloys aliwafikiria wanawe, akapiga ishara ya msalaba, akampa meneja hendeli, akashuka.

Chini ya wavu, tope lilimfika kiunoni. Gogo likambana mguu. Alikuwa akilisukuma kwa bega aliposikia honi.

Watalii walijipanga na kamera zao. Meneja akaanza hotuba ambayo Chacha alikwisha kuwatafsiria wafanyakazi zamani: kwamba jina la Kiingereza la mfereji kama huo, leat, lilitokana na neno la kale la kuachilia, na babu yake ndiye aliyeujenga. Waliouchimba hakuwataja.

"Bado niko huku!" Aloys alipaza sauti.

Juu yake, hendeli ililia ikiingia kwenye tundu lake.

"Aahidi!" Epiphanie alipiga kelele. "Aahidi mbele yetu!"

Chacha akatafsiri. Meneja akawatabasamia wageni, akainua mkono mmoja kama aapaye mahakamani. Wa pili haukutoka kwenye hendeli. Utepe wa maji safi ukateleza juu ya tope, ukamfikia Aloys tumboni.

"Mbele yenu wote," Chacha alisema, "anaahidi lango halitafunguliwa mpaka Aloys atoke."