Kabati Katikati ya Nyumba

Mukhwana alikuwa ameshavaa suruali na kiatu kimoja aliposikia mama mkwe wake akikohoa upande wa pili wa pazia. Akakaa kitandani polepole, kiatu cha pili mkononi. Nasike, mke wake, alikuwa ametoka kuteka maji. Humo ndani walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na mtu asiyepaswa kumwona.

Kwa Wabukusu, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawapokezani kitu, hawakalii kiti kimoja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anakata kona hata kama kona yenyewe haipo. Ni heshima, tena heshima nzuri, ila iliwekwa na watu waliokuwa na mashamba: nyumba hapa, jiko kule, na migomba ya kujificha katikati. Aliyeiweka hakuwahi kupanga chumba kimoja Matisi, Kitale, chenye mlango mmoja na dirisha moja, na choo kimoja cha wapangaji wa plot nzima nyuma kule.

Mama mwenyewe, Dinah, alikuwa amefika jana jioni kutoka Bokoli akijikongoja kwa fimbo, akiwa na kidonda cha mguu. Kisukari. Muuguzi alikuwa amesema wazi kwamba kidonda kioshwe na kufungwa upya kila baada ya siku moja, bila kuruka, la sivyo mguu utakatwa. Kliniki iko Kitale, binti yake yuko Kitale, basi akaletwa Kitale. Jana Mukhwana alisubiri kwa jirani mpaka mama akalala, kisha akaingia taa ikiwa imezimwa, uso ameugeuzia ukutani, akapapasa hadi nyuma ya pazia kama mwizi ndani ya nyumba anayolipia kodi. Ya asubuhi hakuyafikiria.

Na mpango ulikuwa wake mwenyewe! Alikuwa amesema mgeni apewe heshima yake: alale kwenye sofa kubwa, pale karibu na mlango, mbele ya televisheni. Sofa zenyewe zilikuwa seti nzima, zile za harusi, zimejaa chumbani hadi mtu alitembea ubavu. Zilivaa vitambaa vyeupe alivyofuma Dinah kwa mkono wake, na Mukhwana alizipenda kuliko kitu chochote alichonunua maishani. Sasa Dinah alikuwa ameketi, mguu mbovu ameunyosha juu ya stuli, na stuli imeziba njia pekee ya kwenda mlangoni.

Kule karakana ya mbao alikofanya kibarua, msimamizi huchagua wabebaji getini asubuhi. Ukifika geti limefungwa, siku yako imekwenda.

Mukhwana akakohoa.

Dinah akakohoa.



"Wewe cherehani," Dinah akasema hatimaye, akiitazama mashine ya bintiye, maana mkwe hasemeshwi moja kwa moja, "hebu mwambie huyo wa huko ndani, kama ana safari apite. Mimi nitafunika uso."

"Pazia," Mukhwana akajibu, jasho likimtoka, "mwambie mama nashukuru. Lakini nikipita nitaruka mguu wake. Siwezi kuruka mguu wa mama."

"Ni kweli," Dinah akaiambia cherehani. "Hawezi. Itakuwa aibu kubwa."

Basi wakakaa hivyo, watu wazima wawili, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Mukhwana alikuwa pia na haja ndogo, na hiyo hakukuwa na pazia wala cherehani ya kuambiwa.

Nasike alirudi na mitungi yake akakuta mambo yameganda. Akaivuta stuli pembeni pamoja na mguu, mama akiguna kwa maumivu, akavua leso kiunoni akaitandaza katikati kama ukuta. Mukhwana akapita nyuma yake kinyumenyume, akagonga meza, akaangusha kikombe, akatoka mbio hadi chooni na kutoka chooni hadi barabarani. Akina mama waliokuwa wakifua walicheka hadi wakashika mbavu.

"Aki nyinyi watu wa Bungoma!" Chelagat, jirani wa mlango wa pili, akasema. "Mtu anatoroka kwake na kiatu moja?"

Kwa kweli kiatu cha pili alikuwa amekishika mkononi. Lakini geti la karakana lilikuwa limeshafungwa.

Ndani, Dinah alikuwa ameanza kukunja shuka.

"Leo narudi Bokoli."

"Mama, si kesho ni kliniki?"

"Nimemfungia mtu kwake, Nasike. Kazi imempita kwa sababu yangu. Na kitanda chenu kile pale, pazia likipepea tu nakiona. Mzazi gani analala akitazama kitanda cha bintiye? Afadhali nikae kwangu na mguu wangu."

"Ukikaa kwako mguu utaenda, mama. Ulisikia muuguzi."

"Nilisikia. Wacha uende."

Mama yake alikuwa mtu wa neno moja. Akisema anaenda, anaenda, hata kwa kutambaa. "Nipe hadi jioni," akasema. "Jioni ukitaka kwenda, nakusindikiza stage ya matatu mwenyewe."

Akaenda kumtafuta Gathogo, msimamizi wa plot. Mwenye plot aliishi Eldoret na hakuna mpangaji aliyewahi kumwona. Sheria zake zilikuja kwa mdomo wa Gathogo, na Gathogo alikuwa na tabia ya kuziongeza njiani. Nasike alitaka ruhusa ya kupigilia misumari kadhaa ukutani, agawe chumba kwa mbao nyepesi.

"Partition?" Gathogo akauliza, akichokonoa meno. "Wee mama. Hii plot iko na sheria. Hakuna msumari kwa ukuta. Na ukigawa, hizo ni rumu mbili. Rumu mbili ni kodi mbili. Hiyo hesabu unaijua?"

"Ni mama yangu, Gathogo. Ni mgonjwa."

"Kila mtu iko na mama. Mimi nikipata msumari mmoja tu kwa hiyo ukuta, mnahama."

Nasike alirudi akiwa na hasira ya kuuma meno. Akasimama mlangoni akitazama chumba chake. Mama yake alikuwa bado kwenye sofa kubwa, ameligeuzia dirisha mgongo, anatazama televisheni iliyozimwa.

"Mbona hujaiwasha?"

"Mimi sina haja nayo. Lakini nitatazama nini? Humu ndani kila kitu kinatazama televisheni. Viti, meza. Hata kitanda chenu." Dinah akatikisa kichwa. "Mmempangia mgeni nyumba. Huyo mgeni anakujaga lini?"

Nasike akazihesabu sofa. Mgeni wa mwisho kukalia sofa zile zote kwa pamoja alikuwa mchungaji na wazee wa kanisa, na hao hawakumaliza soda zao. Siku zote nyingine, yeye na Mukhwana walipita ubavuubavu wasije wakachafua vitambaa, wakala chakula wakiwa wameketi kitandani. Wele, Mungu wangu, akawaza, tunaishi kwenye kona ya nyumba yetu wenyewe!

Akatoka akamwita Chelagat.

Chelagat ni mtu wa Saboti, mikono yake imelima viazi, na hapendi kazi ya maneno mengi. Wakatoa sofa moja nje. Wakatoa ya pili. Meza ya vioo ikafuata. Mama aliketishwa barazani juani, mguu kwenye stuli, akawa anatoa amri ambazo hakuna aliyeziomba. Kisha wakalishika kabati, lile refu la kuwekea televisheni na vyombo, lililokuwa limeegemea ukuta wa nyuma tangu wahamie.

"Inaenda wapi?" Chelagat akauliza, akihema.

"Hapa. Kati ya mlango na dirisha."

"Katikati ya nyumba? Mgongo uangalie mlango? Watu wakiingia waone nini, mgongo wa kabati?"

"Waone mgongo wa kabati," Nasike akasema.

Likawekwa hapo, limesimama wima kama ukuta, lakini halikugusa ukuta wa mbele. Nasike aliacha nafasi ya mtu mwenye fimbo kupita, akaifunika kwa pazia. Kamba za mapazia hakuzifunga kwenye msumari wowote. Chumba hakikuwa na dari, boriti za paa zilikuwa wazi, akazifunga kule juu. Pazia lingine likatoka mwisho wa kabati hadi ukuta wa pili, na nyuma yake kikabaki kitanda, meza ndogo na kiti kimoja. Sofa kubwa ikakaa chini ya dirisha. Dinah alipoingizwa akalala, akainua kichwa kidogo, akauona mlima Elgon na wingu lake.

"Ah," akasema. Kisha akakunja uso. "Lakini chai nitampa vipi?"

"Nani?"

"Mumeo! Wewe alfajiri uko kwenye maji. Mimi niko hapa na jiko la gesi karibu, na mtu atoke tumbo tupu? Na mkononi siwezi kumpa."

Nasike akalitazama kabati. Mgongo wake ulikuwa ubao mwembamba tu. Akachukua kisu cha jikoni, akaubandua kwenye rafu moja, ile ya usawa wa kifua.

Mukhwana alirudi jua likiwa limeinama. Alikuwa amezunguka Kitale nzima, sokoni, kwa wenye maghala ya mahindi, na kila mahali amekuta watu wanatosha. Miguu ilimuuma. Alipokata kona akaona sofa zake zimekaa nje uani, vitambaa juu, na Gathogo amesimama kando yazo mikono kiunoni, akasita palepale. Alijua maana ya vitu kutolewa nje. Kila mpangaji anaijua.

"Tumefungiwa?" akauliza.

"Bado," Gathogo akasema. "Lakini bibi yako amegawa nyumba ya watu. Nimemkataza asubuhi, amegawa. Nyinyi mtahama, bana."

"Hatujagawa kitu," Nasike akasema kutoka mlangoni. "Tumesongesha kabati. Ati kabati nayo iko na sheria?"

Mukhwana alimtazama mkewe, akatazama sofa zake. Zile zilikuwa fahari yake. Alikuwa akizipangusa Jumapili kabla ya ibada. Moyo wake ulimtuma amgombeze Nasike mbele za watu, na mdomo akaufungua. Lakini akamwona usoni, vumbi hadi kwenye kope, kidole kimefungwa kitambaa pale kisu kilipomkata. Akaufunga mdomo.

"Gathogo," akasema, "ingia. Tafuta msumari. Ukipata mmoja, leo tunahama."

Gathogo akaingia na tochi ya simu. Akapita ubavuni mwa kabati, akamulika kuta, akamulika nyuma ya kitanda, akapapasa boriti. Aligeuka akataka kufunua pazia la upande wa dirisha, na sauti ya mwanamke mzee ikamkuta mkono hewani.

"Kabati, muulize huyo kijana kama kwao anafunulia mama za watu mapazia."

Uani watu wakaangua kicheko. Gathogo akatoka, simu bado inamulika mchana.

"Umepata?" Mukhwana akauliza.

"Nitampigia mwenye plot."

"Mpigie. Mwambie aje mwenyewe aone. Mwambie hii rumu, aliyeijenga hakuwa na mama mkwe. Alihesabu milango tu, ya kukusanyia kodi. Sisi ndio tunaishi ndani."

Gathogo alisema wataona mwisho wa mwezi. Labda wangeona kweli. Lakini hakusema tena neno kuhama.

"Sasa ingia," Nasike akamwambia mumewe. "Usigeuke kulia. Kulia ni kwa mama."

Mukhwana akaingia. Hatua chache kando ya mgongo wa kabati, hakugonga meza, hakutembea ubavu, akafika kitandani kwake. Akakaa kwenye kile kiti kimoja, akanyosha miguu mpaka mwisho. Hakukumbuka ni lini alikuwa ameinyosha humo ndani.

"Na mpira je?" akauliza. "Televisheni imeangalia huko."

"Utausikiliza."

"Nasike!"

"Mama atakuambia nani amefunga. Atamwambia kabati."

Zile sofa mbili ndogo zilienda kwa Chelagat, ambaye alisema anazitunza tu, huku ameshazikalia. Shuka za Dinah zilikunjuliwa tena. Habari ya stage haikutajwa na mtu.

Asubuhi Nasike alitoka kwenda kuteka maji, kama kawaida. Mukhwana akavaa suruali, akavaa viatu vyote viwili. Akakohoa. Upande wa pili fimbo ikagonga sakafu mara moja, kumaanisha mwenyewe amekaa, njia ni nyeupe. Akaanza kutoka, kisha akasimama.

Kwenye rafu isiyo na mgongo palikuwa na kikombe cha chai, moto bado, na nusu ya mkate uliopakwa siagi. Chini ya kikombe kulikuwa kumetandikwa kimojawapo cha vile vitambaa vyeupe vya sofa, ambavyo miaka yote ile alikuwa amewawekea wageni na yeye mwenyewe hakuwahi kukitumia hata kimoja. Akakichukua kikombe kwa mikono miwili.

"Kabati," akasema, "mwambie mama nimeshukuru. Na kliniki leo, asikose."

Fimbo ikasogea kidogo sakafuni.

"Kabati," Dinah akajibu, "mwambie mwanangu anywe haraka. Geti litafungwa."