Shemeji Atatangulia Majini

Kisasi cha Raisa kilianza kwa kugawa kazi za matembezi.

Ijumaa baada ya swala, familia nzima ilikuwa imekaa kwa mama yake, Bi Mariyamu, kupanga safari ya kwenda pwani ya mawe, ziwani, huko chini ya msitu wa Kigwena. Maji ya pale yanalindwa: wavu marufuku, ndoana marufuku, hata kijiwe huokoti. Mtu anavaa maski na mrija wa kupumulia, analala juu ya maji kifudifudi, anatazama samaki wa rangi wanavyopitana kati ya mawe kama watu wa harusini. Mulinzi wa pale ana sharti lake moja: kila kundi litoe mtu anayejua maji, atangulie, wengine wamfuate.

Raisa akasema, huku anamenya karanga, kwamba wa kutangulia ni shemeji Rachid, nani mwingine? Si yeye aliyewahi kuogelea mpaka ng'ambo, Congo?

Rachid, mume wa dada yake Hadija, alikuwa kweli amelisema hilo, tena mbele ya wakwe. Akajinyoosha kwenye kiti. Akaeleza kwamba mawimbi ya katikati iko na ukorofi kidogo, ila mwanaume akiyazoea yanamuheshimu. Binti zake wakampigia makofi. Bi Mariyamu akamuombea dua.

Raisa alitafuna karanga yake polepole. Rachid ni mutoto wa milimani, alishuka Rumonge kuuza mawese, na nyumba yake iko pembeni ya ziwa lakini anaoga kwa ndoo. Siku moja Raisa alimuona bandarini, wimbi dogo limemfika magotini, amekumbatia pipa la mawese kama mama mzazi.

Na kosa lake? Kabla ya Ramadhani, watu wa Gitaza walikuja kumposa Raisa kwa ajili ya kijana wao, Ismaili. Shangazi za Ismaili hawajafungua hata soda, Rachid akaropoka: “Muchukueni haraka. Huyu usiku anaongea na majini, na wanamujibu.”

Nyumba ikacheka. Shemeji ni mtani, na mtani hanuniwi. Lakini watu wa Gitaza hawakuwa na utani na Rachid. Walisikia neno kama lilivyotamkwa. Soda zilibaki na vizibo vyake, posa haikurudi, na habari ikapanda barabara yote ya ziwa. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitenge chake kabla Raisa hajakishona, akakishika kwa ncha za vidole. Raisa alitaka jina lake lisafishwe mbele ya walewale waliosikia likichafuliwa. Mama akamkataza kununa. Sawa, hakununa. Alipanga matembezi.

Jumatano Rachid alifika kwenye cherehani ya Raisa, akazunguka na maneno ya hali ya hewa, mwisho akainama na kunong'ona. Alikuwa hajui kuogelea. Hadija asijue, watoto wasijue. Raisa, aliyezaliwa ziwa liko mlangoni, amufundishe kidogo tu.

“Nitakufundisha,” Raisa alisema, mguu haujatoka kwenye cherehani. “Lakini kwanza twende Gitaza. Ukae mbele ya shangazi walewale, useme ulidanganya.”

“Shemeji, utani hauombewi radhi.”

“Basi kaombe radhi samaki.”

Kesho yake walikuwa Gitaza, kati ya ndagala, vidagaa vya ziwani, vilivyoanikwa. Rachid alisema yote, jasho likimtiririka, na Raisa akamrudisha nyuma kila alipotaka kuruka neno. Shangazi mkubwa alitikisa kichwa muda mrefu, akakiri kwamba walibeba neno bila kulipima, na kwamba kuanzia leo yeye mwenyewe atalitembeza hili jipya. Akamwita Ismaili. Kijana akatoka, amechomekea shati, akasema kama ni hivyo posa inaweza kurudi, hata kwenye hayo matembezi aliyoyataja Rachid angependa kuja.

Raisa alimtazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

“Ulisikia majini ukakimbia, hata kuniuliza hukuniuliza. Baki na shangazi zako. Asanteni, murakoze.”

Njia nzima ya kurudi Rachid alikuwa mwepesi kama aliyetuliwa mzigo. Akamkumbusha ahadi. Raisa akasema iko palepale, Jumamosi alasiri, alete kaptula.

Hakumwambia ni wapi.

Jumamosi Rachid alijikuta kando ya bandari, pale wanawake wanapofulia na watoto wa mtaa wanapojifunza kuelea, wenzake wa mawese wamejipanga juu ya mapipa. Hadija alikuwepo, kaja na binti zake na mkeka. Rachid alitaka kugeuka, lakini mulinzi wa pwani ya mawe alikuwa na jina lake tayari, na safari ni kesho, Jumapili.

Akaingia. Raisa akamshika kidevu kama mtoto anayenyolewa.

“Mawese leo bei gani, Rachid?” mteja mmoja akauliza kutoka ufukweni.

Rachid akafungua mdomo kujibu, ziwa likaingia.

“Piga miguu, shemeji,” Raisa alisema, akamvuta mpaka maji yakamfika kifuani. “Tuko mwanzo.”