Rotule ya Komanda Hugues

Philémon Mushagalusa hakuwa mtu wa hasira, waulize wote wa mtaa wake wa Kadutu, hapa Bukavu. Lakini asubuhi ile ya mwaka tisini na tisa, askari waliposukuma camion yao, lori bovu, hadi mbele ya karakana yake, aliona nyuma, juu ya mbuzi na mabati ya wizi, mlango wa rangi ya buluu. Ulikuwa mlango wa dada yake Adélaïde, wa kule kijijini Mudaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeutia bawaba. Adélaïde alikuwa amekimbilia porini na watoto tangu juzi, askari walipoingia kijijini, na mlango wake ndio huu, umerundikwa pamoja na mbuzi. Hapo hasira ikamshika Philémon. Lakini nani angefungua mdomo mbele ya bunduki sita?

Komanda wao, Hugues, alitaka rotule. Hicho ni kichwa cha chuma, mviringo kama limao dogo, kinachozunguka ndani ya kikombe chake na kuyafanya magurudumu ya mbele yafuate usukani. Shingo yake ina meno ya kufungia nati, kama ya parafujo. Vita ilikuwa imefunga njia, vipuri havifiki, na rotule za kuchonga tu zilikuwa zinalika kwa wiki mbili, unazitoa zimekwisha kama sabuni. Mjini kote ni Philémon peke yake aliyejua kuzipa ngozi ngumu, kazi aliyoipata ujanani kwenye kiwanda cha chai.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unasaga makaa na mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, unatia chumvi kidogo, unakifukia chuma humo ndani ya sanduku la bati, unaziba kwa udongo, halafu unakipika kwenye moto mwekundu toka asubuhi hadi jioni. Chuma kinakunywa makaa. Ukikitumbukiza kwenye maji, ngozi inakuwa ngumu hata tupa inateleza juu yake, lakini ndani kinabaki laini, kinavumilia mishtuko. Jambo moja tu: meno ya shingo lazima uyapake udongo mzito kwanza, yasinywe makaa. Ni membamba mno. Yakiwa magumu, ni magumu mpaka ndani. Shimo moja la barabarani, yanakatika.

Siku ile Philémon hakuyapaka udongo.

Tusimsingizie usahaulifu. Alijua anachofanya, tena alifurahi, Mungu amsamehe. Aliwaona kwa mawazo askari wale wakiviringika bondeni na mbuzi wao.

Hugues alipokuja kuichukua, aliomba aonyeshwe namna ya kuipima. Philémon akamwambia asugue kwa tupa, ikiteleza, imeiva. Komanda akasugua kichwa, tupa ikateleza, akacheka kama mtoto. Wakaifunga.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, camion ikapita kumuaga. Mbele, kando ya dereva, alikaa Madeleine, mke wa Philémon, na kapu la unga wa uji. Nyuma walijaa wanawake wa soko na mafurushi yao. Komanda akaeleza kwa furaha kwamba amesikia mdogo wa maman Madeleine, Carine, anajifungua kule Katana. Basi atamfikisha bure, ndiyo shukrani yake. Hao wengine hupanda kila safari.

Hupanda kila safari! Na Philémon alijua, nani Bukavu hakujua? Hasira ndiyo iliyowafuta kichwani mwake. Akamwomba Madeleine ashuke, akasingizia homa. Madeleine akamjibu anywe dawa, kwani Carine hana mtu mwingine.

Basi akamgeukia mwenye camion. "Komanda, ile rotule haiko muzuri. Musiende."

Hugues akaona ni wasiwasi wa fundi tu. Akachukua tupa, akalala chini ya camion, akasugua meno yaliyochomoza chini ya nati. Tupa ikateleza. "Unaona? Iko bien. Weye mwenyewe ulinifundisha."

Na hapo ndipo palipokuwa na balaa, kwa sababu kwenye meno tupa ilitakiwa iume. Kueleza hivyo ni kujishitaki. Philémon akawatazama wale wanawake, mmoja ananyonyesha. Akaingia chini, akafungua nati, akayapiga meno kwa nyundo ndogo, pigo moja, mbele ya macho ya Komanda. Yakaruka vipande kama sahani.

Hugues akaokota kipande, akakigeuzageuza kiganjani. Hakupaza sauti. Akauliza kwa nini imevunjika, na Philémon akaeleza habari ya udongo, yote.

"Sasa huo udongo, ulisahau?"

"Nilisahau, Komanda."

"Miaka ngapi unafanya hii kazi?"

"Makumi mbili na saba."

Philémon akangoja risasi. Aliogopa hata akatamani iishe upesi. Lakini Hugues akaagiza tu apike nyingine leo hii, yeye akiwa amesimama hapo akimwangalia akipaka udongo. Halafu akaenda dirishani kwa Madeleine, akavua kofia.

"Maman, bwana yako ni fundi wa kweli. Toka leo, hii fasi ya mbele iko yako. Kila safari. Tukienda Mudaka, tukienda wapi, utaenda na siye."

Madeleine, asiyejua lolote, akamshukuru sana. Kisha akamwita mume wake naye aje ashukuru, na Philémon, aliyeielewa rehani hiyo, akaja, akashukuru.