Jozi ya Pili Nyuma ya Pazia

Fundi alikuwa ametolewa nje. Ndiyo desturi ya karakana yetu: aliyeunda spika hakai chumbani zinapohukumiwa, maana uso wake utasema kabla spika hazijasema. Nilimwona dirishani akizunguka ua, mikono nyuma, kama mume anayesubiri nje ya wodi ya wazazi.

Jozi ile moja ilikuwa imemla miaka miwili. Na mwenye karakana alishakata shauri: zikishindwa na zile alizoagiza kutoka nje, Fundi anarudi kutengeneza redio mbovu.

Hakimu tulimwita Sikio. Alikuwa mzee mnene, mpole, anayevua saa yake kabla ya kusikiliza ili isimpigie kelele.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Leo mmenifichia nini huko nyuma?"

"Siruhusiwi kusema."

"Hata kunikonyeza?"

Nilicheka nikiangalia chini. Kazi yangu ilikuwa kutundika pazia, kubadilisha jozi, na kwanza kabisa kuzisawazisha kwa kipima sauti. Jozi moja ikizidi nguvu kidogo tu, sikio huiona ndiyo bora. Hata sikio la Sikio.

Alisikiliza ngoma, kinanda, kisha kwaya.

"Ya kwanza imechangamka," alisema. "Ya pili imepoa, kama chai iliyosahauliwa mezani." Akachukua kalamu.

Ya pili ndiyo ilikuwa ya Fundi. Nikatazama kipimo mkononi, nikatazama kiti chake, na hapo nikakumbuka. Nilikuwa nimepima nikiwa nimesimama. Sauti nyembamba hutoka kwenye spika kama mwanga wa tochi. Ukipanda au ukishuka, unapata sauti nyingine. Na hakimu huhukumu akiwa amekaa.

Chuoni nilikuwa tayari kukosa alama kuliko kunyoosha mkono. Dirishani, Fundi alikuwa ameacha kuzunguka, ameegemeza paji la uso ukutani.

"Mzee, samahani. Nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Nimepima nimesimama."

Alinikodolea macho, kisha akacheka hadi kiti kikalia. "Kumbe nimehukumu kwa masikio ya twiga!" Akaichana fomu. "Njoo ukae hapa, upime upya."

Kweli, pale kitini jozi ya kwanza ilikuwa imezidi. Nikaipunguza.

"Sasa weka kitu ambacho sijawahi kukisikia."

Nilichokuwa nacho ni zoezi langu la chuo: shangazi yangu akiimba mdomo umefumbwa, huku anashona. Niliona aibu, lakini nikakiweka.

"Mama ana sauti safi," alisema jozi ya kwanza ilipomaliza. "Na cherehani yake inataka mafuta."

Nikabadilisha.

Mimi niliyeirekodi, niliyeisikia mara mia, nywele zilinisimama. Pazia lilikuwepo, ila ukuta wa nyuma yake ulikuwa umeondoka. Chumba chetu kilikuwa pale, gurudumu la cherehani chini upande wa kushoto, na juu yake shangazi, akivuta pumzi kabla ya kila mstari. Nusura nimwamkie.

Sikio alikuwa ameinama mbele, mikono magotini.

"Huyu mama," alinong'ona, "ana kitu mdomoni."

"Kitu gani, Mzee?"

"Chembamba. Cha chuma. Amekibana kwa midomo."

Nilishika meza. "Pini," nilisema. "Huwa anabana pini tatu." Sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Mwenyewe nilikuwa nimesahau.

Sauti ya shangazi ikafunguka kidogo sana.

"Moja imetoka," alisema Sikio. Tukangoja, hatupumui. "Ya pili hiyo."

Wimbo ulipokwisha alisimama, akaenda taratibu hadi kwenye pazia, akanyoosha mkono mahali shangazi alipokuwa amekaa. Akaupapasa hewani. Akarudi, akachukua fomu mpya na kuandika mstari mmoja: *Jozi ya pili. Sina la kuongeza.*

"Kamwite aliyeziunda," alisema, macho yamemlowa. "Asiendelee kuchomwa na jua bure."

Nilitoka mbio.

"Zimeshindwa?" Fundi aliuliza, bila kugeuka.

Nikamshika mkono wa shati, nikamvuta kama mtoto hadi ndani. Sikio alikuwa amesimama kando ya kile kiti kimoja, ameshaupangusa mto wake kwa leso.

"Kaa hapa, Fundi," alimwambia. "Shangazi wa huyu binti ametutembelea."