Kuzima Mteremkoni

Wiki tatu nzima Jelagat alikuwa amekula vumbi la barabara ya Keringet akijaribu programu mpya ya pikapu za umeme, na hili lilikuwa toleo la saba. La kwanza lilizima taa. La tatu lilifanya honi ilie yenyewe hadi ng'ombe wa watu wakatawanyika. Kila alipokataa, mafundi wa Nairobi walirekebisha kimoja wakaharibu viwili, naye akarudi mwanzo wa orodha yake kana kwamba hajawahi kufanya kazi siku hata moja. Alikuwa amechoka hadi anaiota ile orodha.

Asubuhi hiyo toleo la saba lilitumwa kwa njia ya mtandao kwenye pikapu mbili tu za majaribio, ya Kipruto na ya Micah. Lilikuwa lijipakie lenyewe gari likizimwa. Micah alikuwa ameshaondoka na maziwa kuelekea Nakuru. Kipruto alizima lake uani kwa chama cha wafugaji, wakangoja, na lilipowaka tena kila kitu kilikuwa sawa.

Mkubwa wake, Naftaly, akapiga simu.

"Jelagat, weka sahihi. Gari sitini zinangoja."

"Naangalia mara ya mwisho, boss."

Hakuwa anaangalia chochote. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuidhinisha, na tusidanganyane, hata angeona kasoro ndogo angeifumbia macho. Kipruto naye, kwa furaha ya kumaliza, akaanza kujisifu.

"Madam, sasa nitarudia style yangu ya kusave betri."

"Style gani?"

"Si kwa mteremko nazima? Inateremka yenyewe mpaka kwa daraja. Tulizoea kitambo na lori za dizeli."

"Wiki tatu sijakuona ukizima."

"Sasa nizime na wewe ndani? Hiyo si ni kukosa heshima?"

Jelagat akaondoa kidole kwenye kitufe. Kumbe wiki tatu alikuwa akipima adabu ya Kipruto, si gari. Programu ilijua jambo moja tu: gari lililozimwa limeegeshwa, basi lingeanza kujipakia hata gari likiwa linateremka.

"Na Micah huzima?"

"Sisi wote."

Akampigia Micah. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, na tena. Micah hangeshika, kwa sababu Jelagat mwenyewe ndiye aliyewakalisha madereva chini akawaapisha wasiguse simu wakiendesha. Hongera, mwalimu! Mwaka mzima hakuna aliyemsikiliza, na leo ndiyo siku waliyoichagua kumtii.

Wakamfuata mbio kwa pikapu ya Kipruto. Jelagat aliomba Mungu kwa sauti, yeye ambaye kanisani hata amina huisemea moyoni. Waliteremka kona mbili bila kuona kitu. Kwenye kona ya tatu ua wa shamba ulikuwa umelazwa chini, na mikebe ya maziwa imetapakaa hadi katikati ya viazi.

Pikapu ilikuwa imezama kwenye matuta. Micah alikuwa ameketi kando yake, mguu mmoja hauna kiatu, akipangusa udongo usoni. Alikuwa mzima. Jelagat akachuchumaa pale pale akalia, kwa uchovu na kwa aibu ya kile kidole chake.

"Pole, madam," Micah alisema, kana kwamba mkosaji ni yeye. "Nimezima tu kama kawaida. Breki ikakuwa ngumu kama ukuta. Nikajaribu kuwasha, skrini ikaniambia nisubiri dakika kumi na mbili."

Simu ikalia. Alikuwa Naftaly, bado anataka sahihi. Jelagat akampa Micah ile simu.

"Mwambie huyu," alisema. "Anza na hizo dakika kumi na mbili."